Traction Avant: maana yake, na kwa nini ina wapenzi mpaka leo

Kwa Kifaransa, traction avant ni mfumo wowote ambao magurudumu ya mbele ndiyo yanayopokea nguvu ya injini na kulivuta gari. Toyota Vitz inayopita mtaani kwako ina mfumo huo, IST nyingi na Probox nyingi pia. Lakini mpenzi wa magari ya kale akisema "Traction" anakusudia gari moja tu: Citroën iliyotengenezwa kuanzia 1934 hadi 1957, ndefu, iliyokaa chini, mara nyingi nyeusi, yenye alama mbili za V zilizopinduliwa kwenye grili. Zilitengenezwa zaidi ya 750,000, na zilizobaki zina wenyewe wanaoitana, kwa Kifaransa, tractionnistes. Hao wana lugha yao, mabishano yao na mambo wasiyosameheana.

Tuanze na mfumo wenyewe, maana asiyeuelewa atadhani watu hawa wanapenda umbo tu.

Gari la kawaida la miaka ile liliweka injini mbele na kupeleka nguvu nyuma kwa propela shafti, fito ndefu inayozunguka, iliyopita chini ya sakafu hadi kwenye difu, inayogawia magurudumu mawili nguvu hiyo. Propela hiyo ilidai nafasi yake. Sakafu ikainuka, viti vikainuka, paa likafuata, na abiria akapanda garini kwa kukanyaga ubao wa pembeni. Traction iliiondoa propela. Giaboksi na difu vilipelekwa mbele kabisa, nyuma tu ya grili, na injini ikakaa nyuma yao. Kutoka kwenye difu zikatoka shafti mbili fupi, kila moja na gurudumu lake. Sakafu ikawa bapa kutoka mbele hadi nyuma, gari likashuka, ubao wa kupandia ukawa hauna kazi. Ukiiona Traction imeegeshwa pembeni mwa gari jingine la 1934, hilo jingine linaonekana kama limesimama na Traction kama imelala.

Faida ya pili huonekana kwenye kona. Mkokoteni unaovutwa hufuata mkono wa anayeuvuta. Unaosukumwa kutoka nyuma hutaka kwenda unakotaka wenyewe, hasa njia ikiwa na utelezi. Katika Traction magurudumu yanayoongoza ndiyo yanayovuta, tena yamewekwa kwenye ncha kabisa za bodi. Dereva aliyezoea magari ya wakati ule, yaliyoyumba kila kona, aliingia humu akakuta gari linashika barabara kwa namna ambayo hakuwahi kuiona.

Hasara zipo, na yeyote aliyewahi kusikia gari la mbele (linalovutwa na magurudumu ya mbele) likilia ka-ka-ka kwenye kona anaijua mojawapo. Gurudumu linalovuta na papo hapo kukata kona linahitaji jointi inayopinda bila kukatiza mwendo. Mwaka 1934 jointi ya namna hiyo iliyo imara ilikuwa bado inatafutwa. Traction za mwanzo zilitoka kiwandani na jointi ambazo hazikudumu, ikabidi zibadilishwe kwa aina nyingine haraka. Wateja wa kwanza ndio walioifanyia kampuni majaribio, tena kwa fedha zao.

Je, lilikuwa gari la kwanza la mbele? Hapana, na mtu akikwambia hivyo mpinge kwa adabu. Chombo cha mvuke cha Cugnot, Mfaransa wa karne ya 18, kiliendeshwa kwa gurudumu lake moja la mbele. Alvis ya Uingereza na Cord ya Marekani ziliuza magari ya mbele kabla ya 1930, na DKW ya Ujerumani ikafuata 1931. Wala haikuwa ya kwanza kuacha chasisi, fremu ya chuma inayobeba bodi: Lancia Lambda ya Italia ilifanya hivyo 1922. Kilichofanyika Paris ni kuyakusanya mambo hayo yote katika gari moja la kuuzwa kwa familia ya kawaida. Bodi ya chuma iliyounganishwa ikabeba kila kitu bila chasisi ya chini, kwa ujuzi wa kampuni ya Budd ya Philadelphia. Mahali pa springi za majani pakawekwa fito za chuma zinazojinyonga na kurudi. Breki zikawa za mafuta. Na magurudumu ya mbele yakavuta. Kila kimoja kilikuwapo mahali fulani. Mkusanyiko huo haukuwapo.

Aliyetaka hivyo ni André Citroën, mtu aliyepamba mnara wa Eiffel kwa taa zinazoandika jina lake kuanzia 1925. Ndiye huyohuyo aliyetuma magari yake yenye minyororo nyuma kukatiza Afrika mwaka 1924 na 1925, msafara uliofika Kampala ukagawanyika makundi manne, mengine yakashukia Mombasa na Dar es Salaam. Hakuwa mtu wa kupunguza matumizi. Alimpa kazi mhandisi André Lefèbvre, aliyekuwa amelelewa kwenye kiwanda cha ndege na magari cha Voisin, na umbo likatengenezwa na Flaminio Bertoni, Mwitaliano aliyekuwa mchongaji wa sanamu. Bertoni alilifinyanga gari kwa mikono badala ya kulichora, na hilo linaonekana: madigadi ya mbele hayana mstari ulionyooka popote.

Gari liliandaliwa kwa haraka ya kutisha huku kiwanda cha Javel, Paris, kikijengwa upya kwa madeni. Lilitangazwa Aprili 1934. Mpango wa awali ulikuwa giaboksi inayojiendesha yenyewe; ilishindwa kwenye majaribio, ikabuniwa upesi giaboksi ya gia tatu ya kuingia katika nafasi ileile. Udhaifu wa giaboksi hiyo unasumbua mafundi mpaka leo. Desemba mwaka huohuo kampuni ikafilisika, na Michelin, mtengeneza matairi aliyekuwa akidai fedha nyingi, akaichukua. Citroën mwenyewe alifariki Julai 1935. Gari likabaki, likarekebishwa hatua kwa hatua. Mwaka 1936 lilipata usukani wa aina ya meno na fito, uliolifanya liongozeke kwa usahihi zaidi.

Imani ya watu ilirudi kwa njia za ajabu. François Lecot, mwenye hoteli karibu na Lyon, alianza Julai 1935 kuendesha Traction zaidi ya kilomita 1,100 kila siku, akapata takriban kilomita 400,000 ndani ya mwaka mmoja. Baadaye Vita vya Pili vya Dunia vikalipa gari sifa nyingine. Polisi wa siri wa Ujerumani walilitumia. Wapiganaji wa ukombozi waliliteka na kuandika FFI, kifupi cha jina la jeshi lao, kwa rangi nyeupe kwenye milango. Na 1946 genge la Pierre Loutrel likapora mabenki kwa Traction kiasi cha kuitwa na magazeti genge la Tractions Avant. Sababu ya wote watatu ni moja: hakuna gari la bei ile lililoweza kulifukuza kwenye kona.

Sasa lugha ya wapenzi. Namba ndizo za kwanza: 7, 11 na 15, zinazotokana na nguvu za farasi kwa hesabu ya kodi ya Ufaransa, si nguvu halisi ya injini. Ya 7 ndiyo iliyoanza, injini ndogo ya cc 1,303. Ya 11, cc 1,911, ndiyo iliyouzwa zaidi, ikiwa na bodi mbili: nyepesi na ya kawaida. Mgeni husikia "nyepesi" akadhani ni duni, kumbe wengi huipendelea kwa wepesi wake. Ya 15, ambayo kwa kodi ilihesabiwa 16, ilitoka 1938 na silinda sita, ikaitwa Malkia wa Barabara. Injini yake mwanzoni ilizunguka kushoto, kisha kuanzia 1947 ikazungushwa kulia, kwa hiyo kuna 15 G (gauche, kushoto) na 15 D (droite, kulia), na ukiagiza spea bila kutaja herufi hiyo utajuta.

Ipo pia ya 22, na hapa sauti hushuka. Ilikuwa na injini ya V8, ikaonyeshwa Paris 1934, haikuuzwa kamwe. Yalitengenezwa magari machache ya majaribio na hakuna linalojulikana kubaki. Kuna watu wazima, wenye akili zao, wanaoendelea kuchungulia mabanda ya mashambani Ufaransa wakilitafuta. Wengine wamechoka kutafuta wakajitengenezea nakala.

Baada ya namba, buti. Hadi 1952 nyuma ilikuwa bapa na tairi la akiba limebebwa mgongoni. Baadaye ikaja buti iliyovimba, yenye nafasi ya kutosha mizigo ya likizo. Wanaojiona wana jicho husifu ya bapa. Mimi naona buti iliyovimba inaharibu mteremko wa mgongo aliouweka Bertoni, ingawa nakubali kwamba sijawahi kulazimika kuingiza ndani yake masanduku ya watu watano. Kuna pia tofauti ya mahali pa kuzaliwa: za Paris, za Forest huko Ubelgiji, na za Slough, Uingereza, zenye usukani kulia, viti vya ngozi na dashibodi ya mbao. Mfaransa humtania wa Slough kwamba amevalisha gari suti. Mwenye Slough hana neno, amekalia ngozi.

Kuendesha lenyewe ni kujifunza upya. Kijiti cha gia kinachomoza kwenye dashibodi, si sakafuni wala kwenye usukani. Gia ya kwanza haina sinkromeshi, kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia, hivyo huingizwa gari likiwa limesimama. Ipo kufuli iliyounganishwa na klachi, hivyo bila kukanyaga klachi kijiti hakisogei. Anayeharakisha gia husikia giaboksi ikilalamika, na anayeipa pumziko kidogo kati ya gia na gia hupita kimya. Wakati wa kuegesha usukani ni mzito hasa, mikono inafanya kazi. Barabarani, kuanzia kilomita 60 au 70 kwa saa, uzito unayeyuka na gari linakwenda kama limewekewa reli, likijivuta kona hadi kona bila kuinamisha bodi. Hapo ndipo mtu aliyekuja kwa sababu ya sinema za majambazi anapogeuka kuwa mpenzi wa kweli.

Anayetaka kununua ataambiwa neno moja kabla ya mengine: jambonneaux. Ni mikono miwili ya chuma inayotoka kwenye bodi kwenda mbele, na juu yake ndipo injini, giaboksi na miguu ya mbele vinapofungwa. Kwa kuwa hakuna chasisi, kutu ikiingia hapo, au kwenye vizingiti vya milango, gari zima limedhoofika hata kama rangi inang'aa. Uzuri wake ni kwamba sehemu hiyo yote ya mbele, pamoja na magurudumu yake, hufunguliwa kwa bolti kubwa chache na kusukumwa nje kama kipande kimoja. Fundi mwenye nafasi na winchi anafanya kazi amesimama. Spea si tatizo: nyingi bado zinatengenezwa Ulaya, kwa sababu wateja hawajaisha.

Ugomvi mkubwa wa siku hizi ni uhalisi. Wapo wanaobadili umeme wa volti 6 kuwa 12 ili taa zimulike na gari liwake asubuhi ya baridi, hao husamehewa. Wapo wanaotoa giaboksi ya gia tatu na kuweka ya gia nne kutoka Citroën ID au DS, magari yaliyoirithi Traction. Hapo meza hugawanyika. Upande mmoja unasema gia tatu ndizo gari lenyewe, na anayetaka kwenda haraka anunue DS. Wa pili wanajibu kwamba gari lililoundwa kukimbia Paris hadi Nice haliheshimiwi kwa kufungiwa gereji likisubiri maonyesho, na gia ya nne ndiyo inayoliwezesha kuifanya safari hiyo leo kati ya malori. Mimi niko na hawa wa pili, mradi giaboksi ya zamani ipakwe grisi, ifungwe vizuri na iwekwe rafuni na tarehe ya siku ilipotolewa, kwa ajili ya mwenye gari atakayefuata.