Ukuta wa Ndani Nao Hubeba Nyumba

Bukavu viwanja ni vyembamba na familia zinakua, kwa hiyo wengi hutamani kubomoa ukuta ili saloni iungane na chumba cha pili. Husemwa kwamba kuta za nje ndizo zinazobeba nyumba. Za ndani zinagawa vyumba tu. Si kweli. Katika nyumba ya matofali isiyo na nguzo za zege, mara nyingi ukuta wa katikati ndio unaoegemewa na mbao za paa, au na sakafu ya etaje. Kuugonga kwa ngumi hakukuambii chochote.

Kinachonitia hofu zaidi ni imani kwamba nyumba isipoanguka siku ileile, imepona. Uzito uliokuwa juu ya ukuta huo umehamia kwingine, na nyufa huweza kuchelewa. Na huu ni mji wa miteremko, uliotikiswa na tetemeko la Februari 3, 2008.

Kabla ya nyundo, mwite mhandisi apande darini aone mbao zimelalia wapi. Ukuta ukiwa unabeba, kwanza paa lishikiliwe kwa miti imara, ndipo iwekwe boriti ya zege au chuma, na ncha zake zote mbili zikae juu ya nguzo zinazofikisha uzito hadi kwenye msingi.