Treni ya makumbusho ni nini hasa? Siyo kupaki kichwa kwenye majani

Huku Moshi ukimwambia mtu treni ya makumbusho anawaza kichwa kibovu kimeachwa pembeni ya reli, watoto wanakipanda, shaba imeshang'olewa na mwisho anakuja mtu na grenda anakatakata anapeleka skrepa. Hiyo siyo kuhifadhi jamani, hiyo ni kutelekeza.

Kuhifadhi ni kukifanya kibaki kama kilivyokuwa kikiwa kazini, kisiendelee kuoza, na anayekuja kukiangalia aelewe kilivuta nini na kilitoka wapi kwenda wapi. Kuna kukisimamisha na kuna kukitembeza. Cha kusimama unamwaga maji yote, maana yakibaki kwenye boila, yaani lile tangi la kuchemshia maji yatoe mvuke wa kuendesha kichwa, yanakula chuma kwa ndani na nje huoni kitu, halafu unakwangua kutu, unapaka grisi, unapiga rangi. Vichwa vingi vya zamani boila zao zilizungushiwa asbestosi kuzuia joto, na vumbi lake linaleta kansa, kwa hiyo kuitoa ni kazi ya wanaojua siyo ya vijana wa mtaani na nyundo. Na paa! Bila paa masika mbili tatu rangi yote inabanduka.

Cha kutembea ndo kinakula hela. Boila inabeba presha kubwa, lazima ikaguliwe kila baada ya muda, mabomba ya ndani yanachoka yanabadilishwa, na kila ukiweka kipuri kipya chuma cha asili kinapungua, mwisho unajiuliza hiki bado ni kile kile? Wahifadhi wanabishana sana hapo. Mimi naona bora kisimame kizima kuliko kitembee nusu kikiwa kipya.

Mfano wa karibu ni Nairobi, makumbusho ya reli yamefunguliwa tangu 1971. Pale kuna Garratt za klasi 59, aina ya vichwa vikubwa vya mvuke, zilitengenezwa 34 na kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, miaka ya 1955 na 1956, moja ina zaidi ya tani 250 na inapita kwenye reli ya upana wa mita moja tu, kwa sababu boila inaning'inia katikati ya injini mbili, kwenye kona kila upande unajipinda kivyake. Zilipewa majina ya milima na mbili zilizobaki ni Mount Gelai na Mount Shengena, yaani Gelai ya Longido na Shengena ya Upareni, milima yetu hiyo, iko Nairobi.

Sisi reli kutoka Tanga ilifika Moshi 1911, Arusha 1929, na treni ya abiria ikarudi Arusha 2020 baada ya kulala miaka mingi. Hata behewa moja la enzi hizo lingetosha kuanzia. Ila kabla mtu hajagusa brashi ya rangi apige picha kila upande na aandike namba zilizogongwa kwenye vipuri, maana karakana za zamani zilikuwa zinahamisha vipuri kutoka kichwa hiki kwenda kile, na ukishapaka rangi nzito juu yake hizo namba huzioni tena.