Dhambi ya asili: asili ipi?

Kuna mtu alikopa fedha za kikundi akaahidi kuzirudisha Jumanne. Jumanne ikapita, na nyingine ikapita. Alipoulizwa mbele ya wenzake alicheka kidogo, akasema, "Jamani, si ndiyo dhambi ya asili hiyo? Binadamu ndivyo tulivyo." Watu wakacheka naye, maneno yakaishia hapo. Mimi sikucheka. Fedha zangu humo zilikuwa kidogo tu. Kilichonikera ni lile neno, kwa sababu nimeshalisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno, na si mara zote kwa mzaha.

Maana yake haihitaji maneno mengi. Katika mafundisho ya Kanisa Katoliki, dhambi ya asili ni jina moja linalobeba mambo mawili: kosa la wazazi wetu wa kwanza linalosimuliwa katika Mwanzo sura ya 3, na hali tunayozaliwa nayo sisi sote kutokana na kosa hilo, yaani kukosa ule utakatifu na haki ambavyo mtu alipewa hapo mwanzo. La kwanza ni tendo. La pili si tendo. Katekisimu ya mwaka 1992, kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa, kifungu cha 404, inasema kwamba hali hiyo huitwa dhambi kwa mlinganisho tu: tumeipokea, hatukuitenda. Ubatizo huiondoa.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe.

Kiswahili kimelitoa "asili" kwenye Kiarabu, ambako maana yake ni shina, mzizi, chanzo. Maana hiyo bado tunayo. Ukimuuliza mtu asili yake, anakutajia kwao na ukoo wake. "Mwacha asili ni mtumwa" ni methali ya kuwaonya wanaosahau walikotoka. Lakini njiani neno likaokota maana ya pili: umbile, vile kitu kilivyo. Asili ya paka ni kuwinda, asili ya maji ni kutiririka. Maana hizi mbili zimeishi nyumba moja kwa muda mrefu bila kugombana, kwa sababu mara nyingi haijalishi umekusudia ipi.

Hapa inajalisha. Kilatini, ambacho ndicho lugha iliyotupa istilahi hii, kina maneno mawili tofauti: *origo* ni chanzo, *natura* ni umbile. Agostino wa Hippo, askofu wa Afrika Kaskazini, alipoanza kutumia istilahi hiyo mwishoni mwa karne ya 4, aliandika *peccatum originale*, dhambi inayohusu chanzo. Watafsiri wetu waliposema "dhambi ya asili" hawakukosea hata kidogo. Walishika maana ya kwanza. Sisi wasikilizaji ndio tulioteleza kwenda ya pili, tukasikia: dhambi ambayo ndiyo umbile letu.

Nawaonea huruma makatekista, maana darasa hilohilo linalofundishwa dhambi ya asili hufundishwa pia kwamba Kristo ana asili mbili, ya kimungu na ya kibinadamu. Hapo asili ni umbile kabisa, ndiyo *natura* yenyewe. Mwanafunzi afanyeje? Neno ni lilelile na mwalimu ni yuleyule, ila maana imegeuka bila mtu kumwambia.

Lakini humohumo ndimo kosa linapojifichua. Mtaguso wa Kalsedonia, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, ulifundisha kwamba Kristo ni mtu kweli, sawa nasi katika yote isipokuwa dhambi. Kama dhambi ingekuwa sehemu ya umbile la mtu, basi Kristo asingekuwa mtu kamili, angepungukiwa kitu. Kanisa linafundisha kinyume chake: kukosa dhambi hakukumpunguzia ubinadamu wowote. Na mama yake vilevile. Tunamwita Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, na bado ni mwanamke kamili, binti wa watu. (Tukiwa hapo: kukingiwa huko, kulikotangazwa na Papa Pius IX tarehe 8 Desemba 1854, kunahusu jinsi Maria mwenyewe alivyotungwa mimba bila doa la dhambi hiyo. Si habari ya kumzaa Yesu akiwa bikira. Hilo ni fundisho jingine, na linachanganywa na hili kila mwaka sikukuu inapofika.)

Hata masimulizi ya uumbaji yenyewe yamepangwa vizuri kwa msomaji asiye na haraka. Sura ya 1 inatangulia, na inamalizika Mungu akiona kila kitu alichokifanya, mtu akiwemo, "na tazama, ni chema sana". Baraka ya kuzaa na kuongezeka imo humohumo, kabla nyoka hajafungua kinywa, kwa hiyo wale wanaonong'ona kwamba tunda lilikuwa tendo la ndoa warudi nyuma kurasa mbili. Sura ya 2 inamfinyanga mtu kutoka mavumbi. Kiebrania kinacheza na maneno hapo, *adam* ni mtu na *adama* ni udongo. Dhambi inaingia sura ya 3. Inaingia kama mgeni, nyumba ikiwa imeshajengwa na imeshasifiwa.

Je, ni lazima kuyasoma kama ripoti ya shahidi aliyekuwa bustanini? Hapana. Katekisimu, kifungu cha 390, inasema simulizi ya anguko inatumia lugha ya mifano, ila inaeleza tukio la kweli la mwanzoni mwa historia ya mwanadamu. Papa Pius XII mwaka 1950 aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa mtu ulitokana na viumbe hai vilivyotangulia, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mjadala huo ni mrefu, na watu huupenda kuliko unavyostahili, kwa sababu kubishana juu ya mifupa ya kale ni rahisi kuliko kubishana juu ya nafsi yako.

Swali la umbile ndilo lililotesa watu zaidi. Pelagio, mwalimu wa dini wa wakati wa Agostino, alifundisha kwamba Adamu alituachia mfano mbaya tu, na mtu anaweza kuishi vizuri kwa nguvu zake mwenyewe. Karne ya 16, Waprotestanti wa kwanza walielekea upande wa pili: anguko limemharibu mtu kabisa, hata uhuru wake umezimika. Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, ulikataa yote mawili. Dhambi ya asili hupokewa kwa kuzaliwa, si kwa kuiga. Na ile tamaa mbaya inayobaki ndani yetu baada ya ubatizo inatuvuta kwenye dhambi lakini yenyewe si dhambi. Katekisimu inatumia neno moja ninalolipenda: umbile la mtu limejeruhiwa, halijaharibika lote. Mguu uliovunjika bado ni mguu. Unachechemea, unauma kukiwa na baridi, lakini hakuna daktari atakayekuambia kwamba kuvunjika ndiyo asili ya miguu.

Hata shetani hakuonewa namna hiyo. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, ulisema kwamba pepo waliumbwa na Mungu wakiwa wema kwa umbile, wakawa wabaya kwa hiari yao. Kama hata kwa Ibilisi hatusemi "ndivyo alivyoumbwa", sijui kwa nini tuseme hivyo kwa mtu aliyechelewa kulipa deni.

Tena aliposema "binadamu ndivyo tulivyo", neno lake mwenyewe lilimsahihisha. Binadamu ni bin Adamu, mwana wa Adamu. Ni neno la ukoo, linataja tulikotoka, kama "asili" ya kwanza. Na ile methali, ukiipa tafsiri yake yeye, itasomeka kwamba mwacha dhambi ni mtumwa, ilhali Yohana 8:34 inasema "kila atendaye dhambi ni mtumwa wa dhambi".

Basi ndugu yangu, bila ugomvi: dhambi ya asili haipelekwi kwenye kitubio, kwa sababu hukuitenda, na kama umebatizwa imeshaondolewa. Inayopelekwa ni ya kutenda. Ukisema jeraha la ile ya kwanza lilikuvuta, nitakuelewa, maana linanivuta na mimi. Ila hizo fedha zilichukuliwa kwa mkono wako, siku inayojulikana, na padri atakapokuondolea atakuuliza pia unazirudisha lini.