Vikramaditya: jina la mtu au lakabu?

Wengi huamini kwamba Vikramaditya alikuwa mfalme mmoja wa Kihindu, aliyetawala mji wa Ujjain, India, na kuanzisha kalenda ya Vikram Samvat mwaka 57 KK. Masimulizi hayo ni ya kale, si ajabu yakaaminika.

Ila Vikramaditya, yaani "jua la ushujaa", ni lakabu. Chandragupta wa Pili wa nasaba ya Gupta aliitumia karne nne baadaye. Sarafu zake za fedha zina ndege Garuda upande mmoja, na maandishi yanayomzunguka hutaja jina na lakabu pamoja. Hemu, jemadari wa Kihindu, naye alijipa lakabu hiyo Delhi mwaka 1556, akatawala takriban mwezi mmoja tu kabla ya kushindwa katika vita vya Panipat. Kalenda yenyewe, kwenye maandishi ya mwanzo ya mawe, huitwa Krita, kisha Malava. Jina la Vikrama linakuja karne nyingi baadaye.

Ukikutana na tarehe ya kalenda hii, ihesabu kwa mwaka wa kawaida. Mfano, Samvat (mwaka) 2081 ya jimbo la Gujarat: toa 57 upate 2024, lakini kuanzia Januari toa 56, kwani mwaka wao huanza baada ya sikukuu ya Diwali, Oktoba au Novemba. Hapo ndipo watu hukosea mwaka mzima.