Si kila mdudu bustanini ni adui
Wengi wetu tukiona mdudu kwenye jani, mkono unakimbilia dawa. Tunaamini bustani yenye afya haina wadudu. Si kweli, na mara nyingi dawa hiyo huzidisha tatizo.

Geuza jani changa lililojikunja. Utakuta vidukari, wadudu wadogo laini wa kijani au weusi, wamebanana wakifyonza utomvu. Kati yao huenda akapita kiumbe mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa, umbo kama mamba mdogo. Sura inatisha, basi yeye ndiye hupondwa wa kwanza. Kumbe ni lava, yaani mtoto, wa mdudu-kibibi, yule mwekundu mwenye madoa tunayempenda sote, na hula mamia ya vidukari kabla hajakomaa! Ukipuliza dawa, wote wanakufa. Ila vidukari huzaana upesi, majike wakizaa hata bila dume, hivyo hurudi kabla ya walinzi wako.

Subiri siku chache. Vidukari wakizidi, wapige maji kwa nguvu waanguke. Na usifagie kila kona: nyuki wengi hawaishi mizingani, hutaga mayai ardhini, kwenye udongo mtupu uleule unaouona umekaa bure.