Joh hakuiibia Labor peke yake: zile kanda za Queensland zilivyofanya kazi

Kila mjadala wa mipaka ya maeneobunge ukipamba moto, lazima atokee mtu wa kumleta Joh Bjelke-Petersen: mkulima wa karanga wa Kingaroy aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo la Queensland, Australia, eti "aliyebuni ramani ya hila akatawala miaka 19 kwa asilimia 20 ya kura". Nimechoka kuisoma sentensi hiyo. Miaka 19 ni kweli, kuanzia Agosti 1968 hadi 1 Desemba 1987. Kingaroy ni kweli, na karanga pia. Yaliyobaki yamepindwa, na wanaoyarudia wanajifunza somo lisilo sahihi kuhusu mipaka.

Kwanza, ramani haikuwa yake. Sheria ya kanda ilipitishwa mwaka 1949 na serikali ya chama cha Labor chini ya Ned Hanlon. Bunge likaongezwa kutoka viti 62 hadi 75, jimbo likagawanywa katika kanda nne, na kila kanda ikapewa idadi yake ya viti. Eneobunge la magharibi likahitaji wapiga kura wachache sana kuliko la Brisbane. Kwa nini Labor, chama cha wafanyakazi, kikapendelea nyika? Kwa sababu nyika ilikuwa yake. Wakata manyoya ya kondoo, wafanyakazi wa reli na wachimba migodi walikuwa na chama kimoja kikubwa cha wafanyakazi, na kura zao zilikwenda Labor. Matokeo ya 1950 yasomeni wenyewe: Labor ilipata karibu asilimia 47 ya kura na viti 42 kati ya 75, huku Country, chama cha wakulima alichokuwamo Joh, na Liberal kwa pamoja wakipata asilimia 49 na viti 31. Joh alikuwa bungeni tangu 1947, upande wa upinzani, akiumizwa na mtambo uleule.

Labor ikapasuka mwaka 1957. Waziri mkuu wake, Vince Gair, alifukuzwa chamani kwa kugoma kuwapa wafanyakazi wiki tatu za likizo ya mwaka, akaunda chama chake, na Frank Nicklin wa Country akaingia madarakani kupitia ramani ya Labor. Serikali mpya haikuzifuta kanda. Ilizichora upya mwaka 1958, na Joh akazichora tena mwaka 1971 kwa viti 82.

Sasa hiyo asilimia 20. Ni ya uchaguzi wa 1972, na ni ya chama cha Country peke yake. Country ilikuwa ndani ya muungano na Liberal, na haikusimamisha wagombea kila mahali. Liberal ilipata asilimia 22. Jumla yao ni 42, dhidi ya takriban 47 za Labor. Pengo lipo, silifichi. Lakini usiligeuze kuwa 20 dhidi ya 47, kwa sababu kura za Queensland wakati huo hazikuhesabiwa kwa mkupuo mmoja.

Hili ndilo linalorukwa kila mara. Tangu 1942 aliyeongoza kwa kura ndiye aliyeshinda, basi. Mwaka 1962 serikali ya Nicklin ilirudisha karatasi ya kupanga wagombea: unaandika 1, 2, 3 hadi uwamalize. Chukua mfano wa wapiga kura 10,000. Labor 4,500, Country 3,000, Liberal 2,500. Hakuna aliyevuka nusu, kwa hiyo wa mwisho anatolewa na karatasi zake zinasambazwa kwa namba 2. Zikienda 2,300 kwa Country na 200 kwa Labor, Country inashinda kwa 5,300 dhidi ya 4,700. Hapo hakuna mpaka uliochezewa. Washirika wawili waliweza kupambana katika eneobunge moja bila kumpa mpinzani kiti. Ongeza chama kilichotokana na mpasuko wa Labor, ambacho mwaka 1972 kilipata karibu asilimia 8 na kikawaelekeza wafuasi wake waipe serikali namba 2.

Basi kanda zilimfanyia nini Joh? Zilimpa ukubwa ndani ya muungano. Tazama tena 1972: Liberal asilimia 22, viti 21, Country asilimia 20, viti 26. Mwaka 1974, Country ikiwa imeshajiita National, Liberal ilipata asilimia 31 na viti 30. National asilimia 28 na viti 39. Mshirika mwenye kura nyingi akawa mdogo, na uwaziri mkuu ukabaki kwa mkulima wa Kingaroy badala ya kwenda kwa kiongozi wa Liberal. Aliyenyang'anywa kiti kikuu ni mwenzake wa mezani. Muungano ulipovunjika mwaka 1983, Liberal ikaporomoka hadi viti 8, na wabunge wake wawili kati ya hao wanane wakahamia National, wakampa Joh wingi wa peke yake.

Kuna swali ambalo vitabu hulijibu haraka mno: bila kanda, angeshindwa? Sioni namna ya kulijibu kwa kalamu na karatasi. Ukibadilisha mipaka, unabadilisha pia nani anagombea wapi na namba 2 zinakwenda kwa nani. Mwaka 1974 Labor ilibaki na viti 11. Ramani yoyote ingeiangusha. Mwaka 1986 ndio unanitia shaka zaidi: National asilimia 39.6 na viti 49 kati ya 89, Labor asilimia 41.3 na viti 30. Hapo naamini kanda zilibeba mzigo mkubwa. Ila mwaka 1989 Wayne Goss wa Labor alipata viti 54 kwa asilimia 50 na kidogo, juu ya ramani hiyohiyo.

Na wala si wapiga kura waliomtoa Joh. Uchunguzi wa Fitzgerald kuhusu rushwa katika polisi ulipokuwa ukiendelea, wabunge wa chama chake wenyewe walimchagua Mike Ahern, Novemba 1987.

Kanda zilikufa kabla ya uchaguzi wa 1992, chini ya Labor iliyozizaa. Hata hivyo nyika haikuachwa mikono mitupu. Eneobunge lenye kilomita za mraba 100,000 au zaidi huongezewa wapiga kura wa kuhesabia tu, sawa na asilimia 2 ya ukubwa wake: kilomita za mraba 400,000 zinahesabiwa kama watu 8,000. Kenya, kupitia ibara ya 89 ya katiba ya 2010, iliruhusu tofauti ya hadi asilimia 40 kwa miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache. Ninaipendelea fomula ya Queensland, kwa kuwa ukubwa wa ardhi unapimwa na yeyote, na tume haiachiwi nafasi ya kuamua nani aongezewe na nani apunguziwe.