Kitambaa ku kichwa haibadilishe moyo: dhana potofu tunazosikiaka ku makanisa ya Goma

Dhana: dada akivaa pantalo ao akiweka meshi (nywele ya kuongeza), hajaokoka bado

Hii njo tunasikiaka sana, mu mitaa ya Goma toka Birere mpaka Ndosho, na inaumiza watu, ju kuna wadada walirudishwa ku mlango ya kanisa ju ya nywele tu na mpaka leo hawajarudi. Wenye kusema vile wanatoaka 1 Petro 3. Basi tusome ile andiko bila kuikata: Petro anasema kujipamba kwenu kusiwe "kujipamba kwa nje, yaani, kusuka nywele, na kujitia dhahabu, na kuvalia mavazi". Umeona ya mwisho? Mavazi nayo iko mule mule. Kama ni katazo ya kusuka, basi ni katazo ya kuvaa nguo pia, na hakuna mtu anaweza kuhubiri ile. Petro alikuwa anaonyesha wamama fasi ya kutafuta uzuri, na mstari ya 4 inaitaja: "utu wa moyoni usioonekana".

Wanatoaka tena Kumbukumbu la Torati 22:5, ya mwanamke kuvaa mavazi ya mwanaume. Lakini ku mstari ya 11, sura ile ile, kuna katazo ya nguo yenye kuchanganya sufu na kitani, na ile hakuna mwenye kuichunguza ku kostimu ya wachungaji. Tukipima wadada na mstari moja na wababa tunawaachilia mstari ya pili, tunafanya ubaguzi mu nyumba ya Mungu.

Sisemi mavazi haina maana kabisa, heshima iko na fasi yake na mama zetu walitufundisha vizuri. Shida ni kuigeuza kuwa cheti ya wokovu.

Dhana: kama Mungu anaangalia moyo, matendo haina kazi

Hii ni ya upande ingine, na mimi naiona mbaya kuliko ya kwanza ju iko na harufu ya Biblia. Mtu anakula deni ya watu, anapiga bibi yake, ukimuuliza anakujibu paka vile, "Mungu anajua moyo yangu". Ni kweli 1 Samweli 16:7 inasema "wanadamu huitazama sura ya nje, bali Bwana huutazama moyo". Lakini Samweli aliambiwa ile neno ju ya Eliabu, kaka mkubwa wa Daudi, mwenye alikuwa mrefu na sura ya kifalme. Inahusu sura na kimo, haisemi popote kama matendo ya mtu haiangaliwe. Soma Zakayo mu Luka 19: Yesu anaingia kwake, na yeye mwenyewe anasimama anasema nusu ya mali atapatia maskini, na kama alimdhulumu mtu atamrudishia mara nne. Hakuna andiko inatuambia alibadilisha nguo. Ni mfuko yake njo ilifunguka.

Na sisi ba Goma hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa 1981, akatumika ku OCC, ile ofisi yenye kuchunguza bidhaa zenye kuingia. 2007 kuna watu walitaka apitishe chakula yenye kuharibika, wakamletea pesa, akakataa, ju ile chakula ingeenda kuua watu. Walimteka na wakamuua mu mwezi ya 7, alikuwa na miaka 26. Tarehe 15/6/2025 Kanisa Katoliki ilimtangaza mwenye heri, ile hatua ya mbele ya kuitwa mtakatifu, kule Roma. Najua ndugu zetu wa 8e CEPAC (wapentekoste), wa CBCA (wabatisti) na wa makanisa ya uamsho hawana mambo ya wenye heri, lakini hata kama hauko mkatoliki, angalia fasi imani yake ilionekana: ku kazi, mbele ya mzigo na pesa. Alikuwa mtu ya maombi, na pamoja na jumuiya ya Sant'Egidio alikuwa anasaidia watoto wa barabara, kwa hiyo ile "hapana" haikumtoka siku moja tu, ilikuwa imejengwa ndani polepole. Kama maombi yetu haifike ku mpaka, ku soko na ku ofisi, tujiulize inaishiaka wapi.

Dhana: mwenye kulia sana na kuanguka ku chumba cha maombi njo mwenye Roho

Machozi si mbaya, hata Petro alilia. Lakini Yoeli 2:13 inasema "rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu", na Wagalatia 5 inataja tunda: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Sauti kubwa haiko mule. Ya kufunga nayo ni vile vile, Isaya 58 inasema juu ya watu walifunga huku wanalemea wenye kuwatumikia, Mungu akakataa ile mfungo, kwa hiyo mwenye kufunga siku tatu na hajalipa boyi yake alipe kwanza. Na ile ya kuchagulia tajiri kiti ya mbele, Yakobo 2 ilishaikataza, na mfano yake ni mtu ya pete ya dhahabu kabisa.

Dhana: nilishaokoka, basi ya kubadilika ilishaisha

Apana. Paulo anaandika 2 Wakorintho 4:16, "utu wetu wa ndani unafanywa upya siku kwa siku". Na Warumi 12:2, ya kugeuzwa kwa kufanywa upya nia, aliandikia watu wenye walishaamini, hakuwaandikia wapagani. Daudi naye alikuwa alishapakwa mafuta, alishakuwa mfalme, siku nabii Nathani alimkemea ju ya kumchukua Bathsheba na kumuulisha bwana yake Uria. Nyuma ya pale njo aliomba, mu Zaburi 51, "Ee Mungu, uniumbie moyo safi, uifanye upya roho iliyotulia ndani yangu". Ile ni maombi ya mtu mwenye alikuwa mu imani miaka na miaka.